Cheo cha Baroni Delamere: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukitoka Nairobi kwenda Nakuru, gari likifika Naivasha huenda likasimama pale penye jina Delamere. Watu hushuka kunyoosha miguu, hununua yogati, na hakosekani mmoja wa kuuliza: "Kwani huyu Delamere ni nani hasa? Bado yupo?" Jibu analopewa huwa limechanganya ukweli, uvumi na hasira. Hapa nimeyajibu maswali ninayoulizwa zaidi. Nimeanza na cheo ndipo nikaja kwenye ardhi, kwa sababu wengi wetu tunazichanganya karatasi mbili: iliyomfanya mtu awe Lord, na iliyompa shamba. Kati ya karatasi hizo mbili kuna miaka 80 na ushei, na bara zima.

Delamere ni jina la mtu au la cheo?

La cheo. Ukoo wenyewe unaitwa Cholmondeley, na usijaribu kulisoma kama lilivyoandikwa. Hutamkwa "Chamli", basi. Waingereza wana majina kadhaa ya namna hiyo, ambayo ni kama yaliwekwa makusudi kumnasa mgeni.

Delamere ni mahali katika jimbo la Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, palipokuwa na msitu mkubwa wa wafalme wa kuwindia. Sehemu ya msitu huo ipo mpaka leo. Kwa hiyo mwenye cheo akiitwa Lord Delamere, yanatajwa mambo mawili: daraja lake, na mahali ambapo jina la cheo lilichukuliwa. Jina la baba yake halimo.

Kilianza lini, na kwa nini?

Mwezi wa Julai 1821, siku chache tu kabla ya Mfalme George IV kutawazwa. Ilikuwa desturi mfalme mpya kugawa vyeo wakati wa kutawazwa kwake, na mmoja wa waliopata ni Thomas Cholmondeley, aliyezaliwa 1767 na kuwa mbunge wa Cheshire kuanzia 1796 hadi 1812. Usitafute vita alivyoshinda wala nchi aliyoiokoa. Alikuwa tajiri wa ardhi, wa ukoo wa zamani, na siasa zake ziliwapendeza waliokuwa madarakani. Vyeo vingi vya Uingereza vilipatikana hivyo hivyo, ingawa nembo zake zimejaa simba na panga.

Makao yao yalikuwa Vale Royal. Hapo awali palikuwa na monasteri iliyoanzishwa na Mfalme Edward I, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa 1277. Henry VIII alipozifunga monasteri katika miaka ya 1530, majengo na mashamba yake yalipita mikononi mwa wanunuzi, na mwanzoni mwa karne ya 17 yakafika kwa akina Cholmondeley kupitia mjane mmoja shupavu, Mary Cholmondeley. Mfalme James I alilala kwake mwaka 1617 akija kuwinda. Kwa hiyo cheo kilikuta ukoo umeshakaa kwenye ardhi hiyo kwa miaka 200. Mali ilitangulia, heshima ikafuata.

Nimesoma kwamba kuna Baroni Delamer wa 1661. Ni huyu huyu?

Siye, na hata herufi ya mwisho haipo. Yule alikuwa George Booth, naye pia wa Cheshire, aliyeongoza uasi mwaka 1659 kutaka ufalme urudishwe. Uasi ulishindwa, lakini mwaka uliofuata Charles II alirudi, na Booth akatunukiwa. Mwanawe alipanda akawa Erli wa Warrington. Cheo cha Delamer kilitoweka mwaka 1770, aliyekishika alipofariki bila kuacha mrithi wa kiume. Miaka 51 baadaye jina likaokotwa tena, likapewa ukoo mwingine. Hesabu nayo ikaanza upya, kwa hiyo wa kwanza wa 1821 ni wa kwanza kweli.

Baroni yuko wapi katika ngazi?

Chini kabisa. Kutoka juu kuna duki, markwisi, erli, vaikaunti, kisha baroni. Lakini "chini" hapa ni chini ya orodha fupi sana, na wote watano walikuwa na haki ya kuketi katika Bunge la Malodi, baraza la juu la bunge la Uingereza.

Akiitwa, ni "Lord Delamere" na mkewe ni "Lady Delamere". Kosa linaloonekana sana magazetini ni "Lord Hugh" au "Lord Tom". Mtu huitwa Lord pamoja na jina lake la kwanza akiwa mtoto wa kiume, asiye wa kwanza, wa duki au wa markwisi. Mtoto wa baroni huandikiwa "Mheshimiwa" kwenye bahasha, na hapo ndipo heshima yake ya kisheria inapoishia.

Nani hurithi? Wakikaa kama sisi, wagawane?

Hawagawani. Cheo hakikatwi vipande. Hati ya mfalme iliyokianzisha ndiyo inayosema kitapita kwa nani, na kwa baroni za aina hii huwa ni watoto wa kiume, wa ndoa halali, wa uzao wa yule wa kwanza. Mkubwa huchukua chote. Asipokuwapo yeye, huchukua mwanawe wa kiume. Naye akikosa, ndipo zamu huenda kwa ndugu. Binti hahesabiwi, hata akiwa mtoto pekee. Mtoto wa kulea hahesabiwi, wala aliyezaliwa nje ya ndoa. Wosia hausaidii kitu: baba anaweza kumnyima mwanawe nyumba, pesa na ng'ombe, lakini cheo hawezi kumnyima.

Delamere wamekuwa na bahati ya namna yake. Tangu 1821 mpaka 1979, miaka 158, walikishika watu wanne tu, baba akimwachia mwana: Thomas, Hugh, Hugh, Thomas. Mwaka 1979 akaingia wa tano, naye akaitwa Hugh. Ukisoma habari za "Lord Delamere" bila kuangalia mwaka, utampa mjukuu sifa za babu, au madhambi yake.

Kama unataka kuona jinsi hati inavyotawala, tazama kisa cha jirani yao. Usiku wa Januari 1941 Josslyn Hay, Erli wa 22 wa Erroll, alikutwa amepigwa risasi ndani ya gari lake karibu na njia panda ya Karen na Ngong. Alikuwa na vyeo viwili. Uerli wa Erroll ni wa Scotland na wa zamani mno, na kwa desturi yake mwanamke anaweza kuurithi. Ubaroni wa Kilmarnock ulitolewa 1831 kwa hati ya kawaida ya wanaume tu. Marehemu alikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka 15. Mtu mmoja, risasi moja, na vyeo vyake vikaachana njia: binti akawa Erli wa kike wa 23 na Konstebo Mkuu wa Scotland kwa kurithi; baba yake mdogo akaondoka na Kilmarnock.

Mwenye cheo anaweza kukikataa?

Mpaka 1963 alikuwa hana njia. Mwanasiasa Tony Benn alirithi uvaikaunti wa baba yake mwaka 1960 akafukuzwa katika bunge la wananchi, maana mtu hawezi kuwa katika mabunge yote mawili. Alipigana mpaka sheria ikabadilishwa. Sasa mtu anaweza kukiacha maisha yake yote, lakini hakifi. Kinalala tu, kikimsubiri mrithi.

Naweza kununua cheo? Nimeona tangazo mtandaoni.

Weka pesa yako. Kuuza heshima za kifalme ni kosa la jinai Uingereza tangu 1925, baada ya kashfa za wanasiasa waliokuwa wakichangisha fedha za chama kwa kugawa vyeo. Yale matangazo ya "kuwa Lord" kwa kununua kipande cha ardhi Scotland cha ukubwa wa mkeka wa kuswalia yanakuuzia kumbukumbu ya kutundika ukutani. Hayakupi ubaroni.

Delamere wa Kenya alikuwa wa ngapi, na alifikaje huku?

Wa tatu, na ndiye mtu anayemaanishwa watu wakisema Delamere bila kuongeza neno. Alizaliwa 1870, akarithi 1887 akiwa na miaka 17. Pesa anazo, baba hayupo, shule haimpendi. Mwaka 1891 alikwenda Somalia kuwinda simba, akaonja, akawa anarudi tena na tena. Katika safari mojawapo simba alimrukia akamtafuna mguu. Aliyemwokoa ni mshika bunduki wake Msomali, Abdullah Ashur, aliyemvamia simba kwa mikono mitupu mpaka bwana wake akapata nafasi. Delamere alichechemea maisha yake yote. Abdullah kwenye historia tunamwona kwa dakika hiyo moja, kisha anapotea.

Mwaka 1896 alianza safari ndefu kwa ngamia kutoka pwani ya Somalia, akapita jangwani, na 1897 akatokea kwenye nyanda za juu za Kenya. Fikiria mtu aliyekaa miezi akiona mawe na miiba, ghafla yuko Laikipia: nyasi, mito, baridi ya asubuhi. Alirudi Uingereza, mwaka 1899 akamwoa Lady Florence Cole, binti wa Erli wa Enniskillen kutoka Ireland, lakini Cheshire ilikuwa imeshamshinda. Mwanzoni mwa 1903 walirudi wote wawili. Mwaka huo huo akaanguka kutoka kwenye farasi, akaumia mgongo, akabebwa kwa machela hadi Nairobi, na akiwa bado kitandani akawa anaandika maombi ya ardhi.

Kwa hiyo cheo ndicho kilichompa ardhi?

Hili ndilo swali hasa, na nitalijibu polepole.

Kisheria, hapana. Hati ya 1821 haikuwa na ekari hata moja ndani yake, si ya Cheshire, sembuse ya Njoro. Ardhi ya Kenya alipewa na serikali ya kikoloni chini ya Kamishna Sir Charles Eliot, aliyetaka Wazungu waje walime ili reli ya kutoka Mombasa kwenda Uganda, iliyojengwa kwa fedha nyingi za umma, ipate mizigo ya kubeba. Maombi ya kwanza, ya Laikipia, yalikataliwa kwa kuwa ni mbali na reli. Ya pili, karibu na Naivasha, yalikataliwa kwa kuhofia mgogoro na Wamaasai. Ya tatu yakapita: ekari 100,000 za Njoro kwa miaka 99, kodi pauni 200 kwa mwaka, na sharti la kutumia pauni 5,000 katika miaka mitano ya mwanzo. Piga hesabu: kwa pauni moja alipata ekari 500 za kutumia mwaka mzima.

Kwa vitendo, bila shaka cheo kilisaidia. Karani wa Nairobi akipokea barua yenye sahihi ya neno moja tu, "Delamere" (mabaroni hutia sahihi hivyo), haiweki chini ya rundo. Serikali ilitaka majina makubwa ili yawavute wengine. Cheo pia kilikuja na Vale Royal, na Vale Royal ikawekwa rehani kugharamia Kenya. Mwenye shamba dogo wa Cheshire asingepata benki ya kumsikiliza. Kwa hiyo ukisema cheo kilifungua mlango, sawa. Ukisema cheo ndicho hati miliki, umekosea, na kosa hilo lina athari yake, kwa sababu linaifanya serikali iliyogawa ardhi isionekane.

Ardhi hiyo ilikuwa ya nani kabla?

Sehemu kubwa ya Bonde la Ufa, kuanzia Naivasha hadi Nakuru, ilikuwa malisho ya Wamaasai. Mwaka 1904 serikali ilifanya nao mkataba, Olonana akiwa mmoja wa waliotia alama zao, wakakubali kuhama bondeni na kugawanywa katika maeneo mawili: Laikipia upande wa kaskazini, na lingine kusini ya reli. Waliahidiwa kwamba maeneo hayo yangekuwa yao maadamu Wamaasai wapo duniani. Ahadi ilidumu miaka saba. Mwaka 1911 kukawa na mkataba mwingine, wa kuwatoa Laikipia waende kusini, na walowezi wakaingia walipotoka.

Baadhi yao, wakiongozwa na Ole Njogo, walikwenda mahakamani. Mwaka 1913 mahakama iliwajibu kwamba mkataba ulikuwa kati ya Taji, yaani serikali ya Mfalme wa Uingereza, na taifa la kigeni, kwa hiyo jaji hana mamlaka ya kuuamua. Yaani walikuwa raia vya kutosha kuhamishwa, lakini wageni mno kusikilizwa.

Delamere mwenyewe alizungumza Kimaasai, akaajiri wachungaji Wamaasai, akakaa nao hadi usiku wa manane wakizungumzia ng'ombe. Waliomfahamu walisema aliwapenda kwa dhati. Wakati huo huo alikuwa kiongozi wa walowezi, sauti yao katika Baraza la Kutunga Sheria tangu 1907, akidai nyanda za juu ziwe za Wazungu. Sioni haja ya kuchagua kati ya Delamere hao wawili. Alikuwa mmoja.

Ni kweli alifilisika Njoro?

Alikaribia. Aliishi na mkewe kwenye kibanda cha nyasi, sakafu ya udongo, na samani nzuri za Uingereza zikiwa zimepangwa juu ya udongo huo. Alileta kondoo kutoka New Zealand. Kondoo wakafa. Wamaasai walijua zamani kwamba nyasi za pale zina upungufu na mifugo haistawi. Ndiyo maana hawakupashindania sana, lakini hakuna aliyewauliza. Akahamia ng'ombe. Homa ya mapafu na ndigana kali vikawamaliza. Akalima ngano, ikamea vizuri, kisha ugonjwa wa kutu ukaila ikiwa bado shambani.

Hapo akafanya jambo la maana kuliko yote aliyoyafanya: alimwajiri mtaalamu na kuanzisha maabara ya kuchanganya mbegu mpaka ipatikane ngano inayostahimili kutu. Njoro haikuacha kazi hiyo. Kituo cha utafiti cha pale hujaribu mbegu za ngano kutoka nchi nyingi duniani dhidi ya kutu ileile, mradi mkulima wa mbali kabisa asipoteze shamba lake.

Na unga wa ugali nao ni wake?

Kampuni ya Unga aliianzisha 1908, ili ngano ya walowezi iwe na kinu cha kuisagia. Jina ni neno letu lenyewe. Kampuni ipo hadi leo, imepitia mikono mingi, na ukinunua pakiti dukani humlipi baroni yeyote. Ila ni kweli kwamba Wakenya wengi wameila historia hii kwa sukuma wiki bila kujua.

Soysambu ilipatikana vipi?

Aliinunua mwaka 1906, baada ya Njoro kumfundisha adabu. Iko kando ya Ziwa Elementaita, nchi kavu zaidi, na mifugo ilistawi huko. Alifariki Novemba 1931 akiwa na miaka 61, akaacha madeni makubwa. Mke wake wa kwanza alikuwa amefariki 1914. Wa pili, Gwladys, aliyemwoa 1928, baadaye akawa meya wa Nairobi.

Mwana, baroni wa nne, alirithi cheo na madeni kwa pamoja. Mwaka 1947 Vale Royal iliuzwa kwa kampuni ya kemikali ya ICI. Watu hulipita tukio hili haraka, lakini nadhani ndilo linaloeleza mengi. Tangu hapo cheo cha Cheshire hakina nyumba Cheshire. Kimebaki na makao Nakuru.

Diana Delamere alikuwa mrithi wa cheo?

Hapana, alikuwa mke wa baroni wa nne, aliyefunga naye ndoa 1955. Kabla yake aliolewa na Sir Jock Delves Broughton, yule aliyeshtakiwa kwa kumuua Erli wa Erroll, kwa sababu Diana na Erroll walikuwa wapenzi, kisha akaachiwa huru mwaka 1941. Kisha akaolewa na Gilbert Colvile, mfugaji tajiri wa Naivasha. Nani alifyatua risasi ile haijulikani mpaka leo, na kila mzee wa Karen ana jibu lake. Diana alifariki 1987, akazikwa Ndabibi, kati ya Colvile na Delamere. Cheo hakikumgusa: kilitoka kwa mumewe kwenda kwa mtoto wa kambo.

Tom Cholmondeley alikuwa Lord Delamere?

Hakuwa, ingawa aliitwa hivyo barabarani na hata magazetini. Alikuwa mrithi mtarajiwa, na baba yake, baroni wa tano, alikuwa hai.

Aprili 2005 alimpiga risasi na kumuua Samson ole Sisina, ofisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, aliyekuwa ameingia Soysambu kikazi bila sare, kuchunguza biashara ya nyama ya porini. Tom alisema alidhani ni majambazi. Mwanasheria Mkuu aliifuta kesi, na Wamaasai wakaandamana. Mei 2006, katika shamba lilelile, alimpiga risasi Robert Njoya, mwashi wa mawe aliyekuwa akiwinda swala pamoja na wenzake. Njoya alifariki. Safari hii kesi ilisikilizwa, na Mei 2009 mahakama ikamkuta na hatia ya kuua bila kukusudia. Baada ya miaka mitatu rumande Kamiti, alihukumiwa miezi minane zaidi.

Ukisikiliza mazungumzo ya Gilgil au Naivasha kuhusu kesi hizo, utasikia 1904 ndani ya sentensi zinazoanza na 2006. Watu hawakuwa wakilinganisha adhabu na kosa tu.

Tom alifariki Agosti 2016, hospitalini Nairobi, baba yake akiwa bado hai. Kwa kanuni niliyoeleza juu, yeye hahesabiki katika orodha ya mabaroni. Zamu yake iliruka moja kwa moja kwa mwanawe wa kiume.

Cheo kina nguvu gani leo?

Kidogo sana. Sheria ya mwaka 1999 iliwatoa malodi wa kurithi katika Bunge la Malodi, wakabakizwa 92 tu, na Baroni Delamere hakuwa miongoni mwao. Mwaka 2024 serikali ya chama cha Labour ilipeleka muswada wa kuwatoa na hao waliobaki. Jina linabaki kwenye bahasha na kwenye kadi za mialiko. Kwa sheria za Kenya halina uzito wowote, na polisi wa barabarani hatakusamehe kwa sababu yake.

Na ile miaka ya kukodi ardhi, haijaisha?

Swali zuri, lakini usitumie hesabu ya 1903 kwa mashamba yote. Ile miaka 99 ilikuwa ya Njoro. Mwaka 1915 sheria ya kikoloni iliruhusu walowezi wapewe miaka 999, muda ambao binadamu husema akimaanisha milele. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, iliukata: asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya zaidi ya kukodi kwa miaka 99, hata kama karatasi yake ilisema zaidi. Kwa kila shamba, kwa hiyo, maswali ni mawili: hati inasema nini, na mwenye hati ni raia wa wapi. Ubaroni hauulizwi.

Soysambu yenyewe imekuwa hifadhi tangu 2007, kama ekari 48,000, ikiwa na nyati, twiga na ndege wa ziwani. Ziwa Elementaita liliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2011, pamoja na Nakuru na Bogoria. Kilima kilicho kando yake, kinachofanana na mtu aliyelala chali, wageni hukiita Shujaa Aliyelala. Wengine hukiita Pua ya Delamere.

Sanamu yake ya Nairobi ilikwenda wapi?

Ilikuwa kwenye barabara kuu ya jiji, nayo ikiitwa Delamere. Iliyochongwa ni ya baroni wa tatu, ameketi, na mchongaji alikuwa Kathleen Scott, mjane wa Robert Scott, Mwingereza aliyesafiri hadi Ncha ya Kusini. Uhuru ulipofika 1963 barabara ikawa ya Kenyatta, na sanamu ikang'olewa. Haikuvunjwa. Ilisafirishwa kwa barabara ileile ya Naivasha, ikapelekwa Soysambu.